Kiti cha Baiskeli Yako Kimeacha Kuzama

Chumba cha Nyuma,
Nyumbani kwa Mama.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Kaka,

Kwa heshima na taadhima, nakutangazia kwamba kiti cha baiskeli yako ya mbio kimeacha kuzama. Familia imepokea taarifa hizo kwa utulivu.

Kabla sijafika mbali, u hali gani huko kazini? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi wazima. Mama anasumbuliwa na goti, ila ulimi uko imara.

Sasa baiskeli. Ulipoondoka ulimwachia shemeji, mtu aliyeingia kwetu kwa kuoa, ukaniruka mimi wa tumbo moja nawe.  Mimi kinyozi nina kioo kikubwa, na duka la shemeji la ushonaji liko ng'ambo ya barabara, basi kila asubuhi namwona akishuka, miguu mirefu kama ngazi, watu wakimwita Bingwa. Bingwa wa nini? Wa kufika kazini?

Mwezi uliopita lile bomba linalobeba kiti lilipasuka. Bingwa akalipima kwa futikamba, ile anayopimia viuno vya wateja, kisha akanunua jipya, jembamba kidogo. Nikamuuliza kwa nini.

"Shem, kitu kikibana sana kinachanika. Lazima uache nafasi ya kupumua."

Akalizungushia kipande cha bitana, akakaza.

Kaka, nilifurahi wiki nzima. Anatoka nyumbani kakaa juu kama mfalme, anafika dukani magoti yanagonga kidevu. Wateja wangu wakawa wanagombania kiti kinachotazama barabara. Kilichoniudhi ni kwamba waliendelea kumwita Bingwa.

Nikaamua uone mwenyewe nani anaijali mali yako. Nikaliokota bomba bovu kwenye takataka, nikakuta unene wake umegongwa kwa namba kule chini. Nikanunua la namba hiyohiyo, nikafuta fremu kwa ndani, nikapaka grisi, nikalizamisha mpaka likapita ile alama ya usalama iliyochorwa juu yake, nikakaza. Halitikisiki. Dada yetu badala ya kunishukuru akasema, "Wewe huna huruma na baiskeli, una wivu na mume wangu." Mama akacheka mpaka akasahau goti.

Sikatai. Naomba tu uwaandikie kwamba baiskeli ni yangu. Nimeitamani tangu enzi zile ulipokuwa ukiifuta kwa fulana yangu.

Mama anakusalimu sana, Dada pia, na shemeji naye, ukitaka. Mungu akuepushe na homa za huko na akupe bosi mpole.

Wako akupendaye kuliko anavyokupenda shemeji,
Mdogo wako, Kinyozi.

N.B. Nimetoka kuipanda sasa hivi, kwa mara ya kwanza. Hata kiti kikishushwa mpaka mwisho, miguu yangu haifiki kwenye pedali.