Baba Ameacha Kupaka Piko

Utange, Kisauni,
Mombasa.
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa ndugu yangu Mwarandu,

Salamu nyingi zikufikie huko Doha, na zikukute umekula. U hali gani, mdogo wangu? Kile kikohozi cha mwezi wa saba kimekwisha, au bado unakificha? Na mguu uliokuwa ukivimba kwa kusimama langoni zamu nzima, umeuonyesha daktari? Ukinijibu uanze na hayo, maana wewe huandika kurasa mbili za mpira na mstari mmoja wa afya yako.

Sisi huku wazima. Shemeji yako Clifford bado anaendesha trela la bandarini na bado anarudi nyumbani akilalamikia foleni ya Changamwe kama ndiyo kwanza ameiona. Wapwa zako wanasoma vizuri. Yule mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na amekataa kupigwa picha mpaka yaote. Mahamri yangu yanauzika, na mbaazi huisha kabla wenye kulala sana hawajaamka. Baba naye mzima, tena mzima kweli kweli, na habari zake ndizo zilizonikalisha chini na kalamu.

Nimeona nikuandikie kwa mkono, na Abdillahi wa Junda anayerudi kazini huko atakuletea. Kwa simu nimeshindwa. Kila nikikupigia, Baba hukaa kando yangu akinisahihisha, nawe kila mara uko mbioni kuingia zamu.

Ndani ya bahasha mna picha. Tafadhali usiitazame mpaka umalize kusoma. Najua napoteza wino bure, maana tangu utotoni ulikuwa ukimaliza nyama kwanza ndipo ukumbuke ugali, lakini nimekuomba.

Nianze na kopo. Ile rangi ya nywele uliyomnunulia Baba ilifika salama, naye ameshukuru. Iko juu ya kabati, haijafunguliwa. Usitume nyingine. Na usinune, nisikilize kwanza.

Unakumbuka kwa nini Baba alianza kupaka piko, kuzitia nywele weusi. Kule kijijini kwetu mzee akishaota mvi, macho yakaanza wekundu kwa moshi na umri, basi tayari ni mchawi, hasa akiwa na shamba ambalo vijana wanalitolea macho. Mzee mwenzake alipochomewa nyumba, Baba alikwenda sokoni akarudi na piko, na kesho yake akaamka kijana. Sisi tulicheka, wewe ukamwita bwana harusi. Yeye hakucheka. Wana wa marehemu ami walikuwa wameshaanza kugawana mikorosho ya Baba kwa maneno, naye yu hai. Mawe yalipoanza kuanguka juu ya mabati ndipo tukamleta hapa Utange, nami nikashusha pumzi nikidhani tumemaliza.

Hatukuwa tumemaliza. Kila Jumamosi Baba aliendelea kujifungia bafuni na mswaki mkuukuu na kipande cha kioo. Nikamwambia huku ni mjini, watu hawana haja na nywele za mtu. Akanijibu kwamba watu ni wale wale, huku wamesongamana tu. Baada ya Pasaka mvi zikamtokea mpaka kwenye nyusi, naye akaanza kupaka nyusi. Haukupita muda macho yakavimba yakawa mekundu kama pilipili. Sisi tulidhani ni vumbi, kwa vile barabara yetu unaijua. Naye kila macho yalipozidi, ndivyo alivyozidi kupaka, kwa kuogopa mvi zisije zikaonekana pamoja na macho yale.

Sasa ikatokea kwamba Mwende, mtoto wa Pascalia, akashikwa na homa kali mvua za mwezi wa tano. Pascalia ni jirani yetu wa chumba cha tatu, mke wa Mutua wa kiwandani. Si mtu mbaya, na sitaki umchukie kabla hujamwona; nilipojifungua huyu mdogo yeye ndiye aliyenikaangia mahamri wateja wasinikimbie. Lakini siku moja kabla ya homa Baba alikuwa amempakata Mwende wakati mama yake akianika nguo. Basi mtu mmoja akakumbuka hilo, wa pili akakumbuka macho, wa tatu akakumbuka kwamba mzee huyu alitoka kwao ghafla. Lisemwalo lipo, wakasema, na likawapo.

Hakuna aliyekuja kunieleza usoni. Wananijua mdomo wangu. Lakini Baba akitoka uani na kiti chake, waliokuwa wamekaa wanakumbuka kazi za ndani. Akienda mfereji kunawa, ndoo zinaondolewa. Watoto wakimwona wanakimbia wakipiga mayowe, na mama zao badala ya kuwakanya wanacheka. Siku moja kokoto zikagonga mlango wetu, nami nikamwona Baba akishtuka vile vile alivyokuwa akishtuka kule kijijini. Nilitoka mbio na mwiko mkononi, sikumkuta mtu. Mwarandu, niliumia moyo vibaya sana siku ile.

Akufukuzaye hakwambii toka. Baba alielewa kabla yangu. Asubuhi moja nikamkuta amekaa mlangoni, kofia kichwani, nguo zake zote zimo ndani ya mfuko, anamngoja Clifford ampeleke steji apande gari la kurudi kijijini. Nikamuuliza anarudi kwa nani. Akasema kama ni kupigwa mawe, heri apigwe chini ya mikorosho yake kuliko mlangoni mwa binti yake. Nililia pale pale, sikufichi. Nilijua gari lile likiondoka naye, sisi tutampokea tena kwa kuitwa kwenda kumzika.

Mungu si Athumani. Asubuhi ile ile Lynnette, mhudumu wa afya anayezunguka mtaani kwetu, alikuwa chumbani kwa Pascalia kumpima mtoto, ambaye homa ilikuwa ikimwacha na kumrudia. Akamtoboa kidole, akaona ni malaria, akampa dawa. Alipotoka akamwona Baba na mfuko wake, akasimama. Akamtazama macho, kisha akamwomba avue kofia. Baba hakutaka. Mimi nikaivua, na mwenzio nikaona vidonda ambavyo alikuwa amevificha hata mimi nisijue. Lynnette akauliza mzee anapaka nini. Nikaenda bafuni nikaleta piko.

Lynnette alisema kwa sauti ya kusikika uani kote kwamba macho yale ni ya piko, na kwamba akiendelea atapofuka. Fikiria, ndugu yangu. Kile alichojipaka asiitwe mchawi ndicho kilichompa macho ya kuitiwa mchawi. Pazia la Pascalia likatikisika, nami nikajua amesikia. Mfuko wa Baba nikaurudisha ndani mwenyewe, na nguo nikazilowesha zote kwenye beseni ili asipate ya kusafiria. Usinicheke, ilifaa.

Lakini kuacha piko maana yake ni kuota mvi, na huo ndio mtihani aliokuwa akiukimbia miaka yote. Waleed, kinyozi wetu, alikuja kumnyoa nyumbani ili vidonda vipone, na Baba akavaa kofia juu ya upara, usiku na mchana. Na uani bado walikuwako watu waliomfuata mwenye nyumba wakitaka mzee ahamishwe, malaria au si malaria.

Mwenye nyumba wetu, Bi Tumu, unamkumbuka kwa ile sauti yake. Alikuja jioni na mkongojo wake, akaagiza kiti kiwekwe karibu na cha Baba, akaita kila chumba. Nimejaribu kukuandikia maneno yake kama alivyoyasema, maana yangu yatayapunguza.

"Haya. Mwataka nimtoe mtu mzima. Nani alomuona akitenda jambo? Si alosikia. Alomuona."

Mmoja akajitia ushujaa akasema lisemwalo lipo.

"Lipo, naam," akasema Bi Tumu. "Lipo mdomoni mwako. Nami ndani ya mtandio huu nna mvi tele, na jicho moja sioni nalo vyema. Kesho mtan'toa nami kwenye nyumba yangu? Sikizani. Nyumba hii tangu leo ina kodi mbili. Ya pesa mwaiyua. Ya pili ni shikamoo. Atakayepita mbele ya mzee huyu asimwamkie, na atafute pa kupanga kwengine. Na mtoto atakayerusha kokoto, mamake ndiye atakayen'jibu."

Akampa Baba mkono, akaenda zake kuswali.

Siku za mwanzo, Mwarandu, zile shikamoo zilitoka kama jino la kung'olewa. Watu walisema huku wanatazama ukutani. Baba naye aliitikia marahaba kwa sauti ndogo, utadhani ameiba. Lakini salamu ni kitu cha ajabu. Huwezi kumwamkia mtu asubuhi na jioni, ukamsikia akiuliza umeamkaje na kazi ikoje, halafu ukaendelea kumwogopa. Kwanza watoto walizoea, wakaanza kushindana nani atawahi. Kisha Mutua, ambaye kwao hawana desturi hiyo, akaipenda mpaka siku moja akawaamkia shikamoo wapwa zako wakitoka shule. Hatujaacha kumtania.

Aliyebaki ni Pascalia. Yeye alikuwa akipita nyuma ya kamba za nguo asikutane na Baba. Mimi nilidhani bado anamwogopa, nikamwekea kinyongo. Kumbe ilikuwa haya.

Sasa basi, Jumapili moja ya mwezi wa nane tulikuwa uani sote, wengine wanafua, mimi nachambua mbaazi. Mwende amepona, anatembea, hashikiki. Akaenda mwenyewe hadi kwa Baba, akapanda magotini, na kabla mtu hajasema neno akaivuta ile kofia akaitupa chini.

Kichwa kilikuwa cheupe pe! Kama pamba. Hata mimi niliyemzoea nilishangaa. Nakwambia waliokuwa wakifua waliacha, na maji ya mfereji yakabaki yakimwagika peke yake. Baba alipeleka mikono yote miwili kichwani, akaifunika mvi. Nilisimama, mbaazi zikamwagika. Sikujua naenda kufanya nini.

Pascalia alinitangulia. Akapita katikati ya uga, akaiokota kofia, akaikung'uta vumbi, akapiga goti mbele ya Baba kama anavyofanya binti wa kuzaliwa.

"Shikamoo, baba," akasema.

Baba akashusha mikono, kwanza mmoja, halafu wa pili. Akaitikia marahaba ya nguvu, ile yake ya zamani tuliyokuwa tukiisikia tukiwa bado njiani na madaftari yetu. Pascalia akampa kofia, naye akaipokea akamvisha Mwende. Tangu siku hiyo ni ya Mwende, hairudi.

Sasa Baba huenda mwenyewe kwa Waleed, hukaa kiti cha mbele, mlango wazi, watu wakipita. Amenunua kitana. Ndevu ameziacha na ameanza kujivuna nazo. Jioni Bi Tumu huja, wakakaa wawili wakitulaumu sisi vijana kwamba hatutafuni vizuri, na wakikubaliana juu ya mambo ambayo hakuna aliyewauliza.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kimetengemaa. Kijijini bado hatujamrudisha, na sithubutu. Chifu na wazee wa kanisa wamefanya kikao kimoja, na wana wa ami wamesema maneno matamu ambayo mimi siyaamini. Wewe ni rika lao na mlicheza pamoja. Ukija Desemba nataka twende nawe, na Baba akiwa katikati yetu na kichwa chake hivyo hivyo, ukae nao uso kwa uso uwaambie mikorosho ile ina mwenyewe na yu hai. Usiwaambie kwa simu. Hilo ndilo ninalokuomba, na ni zito kuliko zawadi zote.

Clifford anakusalimu. Wapwa zako wanakusalimu, na huyu wa mapengo anataka mpira. Pascalia na Mutua wanakusalimu ingawa hawakujui. Bi Tumu anakuombea Mola akurudishe salama, na anasema ukifika usisahau kodi ya pili. Nami namwomba Mungu akulinde kazini na njiani, akuzidishie afya, na akuweke hai mpaka nawe uzeeke mbele ya watoto wako.

Haya, sasa itazame picha, kama hujaitazama. Huyo aliyekaa mbele ya mlango wetu ni Baba. Nakwambia mapema ili siku utakayofika usije ukampita uwanja wa ndege ukitafuta kichwa cheusi ulichokiacha.

Nilipokuwa nafunga barua nilimuuliza ana neno gani la kukuambia. Nilidhani ataomba viatu. Akapitisha kiganja kichwani taratibu, akatabasamu.

"Mwambie Mwarandu," akasema, "nimezeeka."

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata ukichelewa kujibu,

Mbodze