Blanketi Juu ya Jiwe la Mama

Ganyesa, 9 Agosti

Kaka yangu Oganne,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Seipati. Kifua chako kimepona? Huku baridi bado inauma, lakini tunapumua. Shangazi Mmadira anakusalimu. Anasema goti lake limezeeka kumpita mwenyewe.

Barua yako niliipata Jumanne, nimeisoma mara tatu. Umeandika kwamba baada ya miaka kumi na minane ya kushika majalada mahakamani, kazi ya kutunza vielelezo imekuponyoka kwa deni usilolijua. Deni peke yake wangelisikiliza, kwani nani hadaiwi; kilichokuponza ni kujaza kwenye fomu kwamba hudaiwi. Sasa wanakuona mwongo, na mwongo hakabidhiwi funguo za chumba chenye bunduki na fedha zilizokamatwa. Una siku kumi na nne za kukata rufaa. Umeniomba nikamuulize muuza mawe ya makaburi, anayesema unadaiwa, amekosea wapi.

Yule mpelelezi wao, wa kukuchunguza kabla ya kukupa kazi, alifika hapa mwezi wa tano. Mwanamume mpole, alikula uji wangu mchachu akaomba tena. Alimuuliza shangazi kama wewe ni mlevi, shangazi akamjibu, "Huyo? Hata pombe ya matanga huionja kwa ncha ya ulimi, utadhani anaogopa kulogwa." Tukacheka. Kisha akanigeukia mimi, akauliza kama unadaiwa. Nikamwambia kaka yangu hadaiwi hata senti, naye akaandika.

Tangu siku ile mama anakuja. Usinicheke. Anakuja mchana kweupe, nikifagia ua, anasimama getini amejifunika gubigubi lile blanketi la kahawia, lile lililofunika jiwe la kaburi lake kabla ya kufunuliwa. Uso wake siuoni. Shangazi ameniambia wafu hawasimami getini bure, nimuulize anataka nini. Sijathubutu, kwa sababu najua.

Unaikumbuka siku ya kufunua jiwe. Ulivuta blanketi, marumaru nyeusi ikang'aa, wanawake wakapiga vigelegele. Ukasema mbele ya watu kwamba mdogo wako amefanya lililomshinda mwanamume. Ni kwa maneno yako hayo chama cha kuzikana kilinipa kutunza fedha. Walisema aliyemsitiri mama yake namna hii hawezi kula za wenzake.

Kaka, muuza mawe hakukosea. Jiwe lile nililikopa kwa jina lako. Kwenye mazishi uliniachia nakala ya kitambulisho na hati ya mshahara ili nifuatilie bima. Muuza mawe alitaka mkopaji mwenye mshahara, nami nilikuwa napika shuleni kwa kibarua. Nikatia sahihi yako. Nililipa miezi saba, kisha shule ikanipunguza. Barua za kudai zilikuja hapa nyumbani kwa jina lako, nikazishonea ndani ya mto wa mama bila kuzifungua. Niliona haya, na kusema kweli nilipenda kuitwa mtoto mwema.

Jana nilikwenda polisi nikaapa kwa maandishi. Konstebo aliniuliza kama naelewa kwamba naweza kufungwa, nikamwambia naelewa. Nakala yenye mhuri imo humu pamoja na barua zile. Nyingine nimeituma mwenyewe kwa wale waliokunyima kazi, usije ukanihurumia ukaificha. Daftari la chama nimelirudisha. Hesabu imetimia, lakini hakuna aliyenipa mkono wa kwaheri.

Nikarudi kwa njia ya makaburini. Nimelifunika jiwe tena kwa blanketi lake, nikafunga pembe kwa kamba kwa ajili ya upepo. Ukija, tafadhali usilifunue. Litafunuliwa likishalipwa, na nitakayelipa ni mimi, hata kama ni kutoka gerezani.

Leo mchana mama amekuja tena, bila blanketi. Nimeuona uso wake, kaka. Hakunitazama hata mara moja. Alikuwa anatazama njia ya Mahikeng, unakotokea wewe.

Msalimie wifi, na usimfiche haya. Shangazi naye nitamwambia leo, akimaliza kula. Usipojibu nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Gadifele