Namba Yako Haijatundikwa

Babu,

Katika koti lako la baridi, lile zito ulilovaa hata mwezi wa tano, nimekuta kisahani cha shaba, kidogo kama sarafu, chenye tundu na namba 214. Cha nini, kwa mtu aliyetuambia siku zote kwamba alikuwa fundi cherehani?

Jumamosi tunamaliza matanga. Baba ameniagiza nisome historia yako mbele ya kanisa zima: "Wewe si ndiye karani?" Unanijua. Kule kazini, kwenye ghala la mizigo mjini Savage, karatasi moja naihakiki mara tatu. Ningesomaje nisichokijua? Nikaendesha gari hadi mji wa Brooklyn Park kwa Mama Furaha, aliyezaliwa kule mlimani kwenu kabla ya kuhamia huku ughaibuni.

Alicheka akajishika mbavu. "Cherehani gani, mwanangu! Huyo hata kifungo alishonewa."

Kumbe kule mlimani palikuwa na mji kweli, Babu, mji wa mgodi, nawe ulikuwa mchimbaji! Nyumba za matofali mistari kwa mistari, uwanja wa mpira uliochongwa ubavuni mwa mlima, tarumbeta kila Jumapili, ndoo za mawe ya mgodini zikiteremka mlima zikining'inia kwenye waya. Kwa nini hukutusimulia hata tarumbeta? Na kila mchimbaji aliingia na namba yake. Akitoka, aliitundika ubaoni. Msumari mtupu maana yake mtu bado yumo.

Hapo Mama Furaha akaacha kucheka, akanisimulia yaliyobaki. Siku mlima ulipoporomoka, wewe ulikuwa umeshatoka, namba mfukoni. Ulisahau. Wenzako wawili, Josefu na Bahati, waliona msumari wako mtupu, wakarudi ndani kukutafuta. Hawakutoka. Mgodi ukafungwa, watu wakahama, mstari baada ya mstari.

Nimeutafuta mji kwenye kompyuta, picha za kutoka angani. Msitu, na mraba mmoja wa nyasi. Ndio uwanja wenu?

Sasa naelewa zile simu zako za kila jioni. "Umetoka? Ukitoka, sema umetoka." Nilikuwa naona haya mbele ya wenzangu. Wiki hii nimetoka kazini, nimekaa garini, simu mkononi, na sina wa kumwambia.

Baba hataki nimtaje Josefu wala Bahati. Anasema ni aibu. Naogopa, Babu. Lakini nitayasoma majina yao kwanza, ndipo lako. Kisha nitapigilia msumari ukutani kwetu, nitundike 214.

Umetoka, Babu. Nimekusemea. Sasa pumzika.

Mjukuu wako,
Neema