Sindano ya Nyanchera

Kwamboka, dada yangu,

Nimerudi kutoka hospitali kuchukua blanketi la mke wangu, nikakuta mmeenda kuchuma chai. Ng'ombe hajakamuliwa. Ndizi ziko jikoni, usiziunguze tena. Kisha msomee Mama karatasi hii kwa sauti, wala usiruke mstari hata akikukodolea macho.

Mama, asante kwa kumfundisha muuguzi kazi asubuhi ya leo. "Mke wa mwanangu ni mnene, uchungu hautapenya mwili wote huo. Sindano mpeni aliyekonda." Udaktari huo uliusomea wapi, soko la Daraja Mbili kwa wauza ndizi? Muuguzi anasema mnene huumwa kama wengine, na dawa ya kutuliza uchungu anapewa vilevile. Watampimia kiasi chake na kuangalia anavyopumua. Sindano iko tayari.

Anayekataa ni Nyanchera. Anauma leso, jasho linamtiririka, anatikisa kichwa, kwa kuwa ulimwambia wake wa boma hili huzaa bila hata kuguna. Hongera, umepata mkamwana mtiifu! Nimembembeleza kutoka dirishani, nikamtungia na shairi. Akasema, "Machogu, nenda ukatunge mbali."

~~Usije huko. Fahari yako imetutosha.~~

Njoo, Mama. Acha hiyo chai, njoo sasa hivi. Mimi hanisikii, na muuguzi hamchomi mtu asiyetaka. Mwambie wewe kwamba anaruhusiwa kuumwa.

Mwanao,
Machogu