Melkiori, Neno Lile Lilikuwa Langu

Wewe Melkiori,

Usifurahi kuona barua. Sikuandikii kwa sababu nimekukumbuka. Nina hasira na wewe, na mtu akishakufa hana simu. Mimi niliishia darasa la tatu kule Fizi, Kongo, unajua, lakini kalamu naishika vizuri kuliko wewe uliyekuwa unatia sahihi kama kuku aliyekanyaga wino.

Ni wiki saba tangu tukuzike. Ukumbi wa michezo wa Auburn, hapa Sydney, sasa nausafisha peke yangu: viwanja vinane vya mpira wa vinyoya, vyoo, ngazi, na kile chumba cha kubadilishia nguo ambacho wewe ulikuwa unapitisha mopu katikati tu, kama mtu anayechana nywele za mgeni. Shefu, bosi wetu, alisema ataleta mtu. Nikamwambia asilete. Nina miaka sabini na moja, nafanya kazi ya watu wawili, natoka Macquarie Fields na treni ya kwanza na sijachelewa hata siku moja. Wewe ulichelewa hata kwenye mazishi yako. Gari lililokubeba lilikwama barabarani, tukakungoja kanisani saa nzima.

Sasa nisikilize. Ni habari ya Meilini.

Naanza mwanzo kabisa, maana wewe kila hadithi uliianzia pale ulipoingia wewe. Huyu msichana alitoka China akiwa na miaka kumi na minane, na mfuko wa raketi mkubwa kuliko mgongo wake. Kwao walimweka shule ya michezo akiwa na miaka saba. Akacheza mchezo wa wawili wawili, na kila mwenzake alipandishwa timu ya juu, yeye akabaki. Mwisho kocha wake akamwambia, "Mikono unayo, mdomo huna." Kwa sababu kinyoya kikija katikati ya wachezaji wawili, lazima mmoja aite kwamba anakipiga yeye. Asipoita, wote wawili watakitazama kikianguka. Meilini alikuwa haiti. Ndipo shangazi yake wa Auburn akamleta hapa ajaribu tena, na mwenzake mpya, Hana.

Nani aliliona kosa lake kabla ya wote? Mimi. Sijashika raketi maisha yangu yote, lakini nilisimama pale na mopu nikakwambia, yule mtoto ni bubu uwanjani. Ukanijibu nini? "Mzee Wilondja, piga deki."

Halafu siku ile ya mashine ya kuoshea sakafu. Iko moja tu. Wewe ukaivuta, mimi nikaivuta. "Yangu!" "Yangu!" Sauti yangu ilifika kwenye paa. Yako ilikuwa ya mbuzi aliyenyeshewa. Meilini akaacha kunywa maji, akacheka, mara ya kwanza tangu tumjue, akauliza hilo neno maana yake nini. Kesho yake tukasikia kutoka uwanja wa tatu: "Yangu!" Mtoto wa Kichina, hapa Sydney, anapiga Kiswahili kama aliyezaliwa Fizi! Wakaanza kushinda, yeye na Hana, wakashinda mpaka wachaguzi wa timu ya jimbo wakaja na madaftari yao.

Neno lilikuwa langu. Ulijua hivyo na hukusema.

Kanisani, mbele ya jeneza lako, Meilini akasimama na gauni jeusi la kuazima. Mchungaji akatafsiri Kiingereza chake. "Mzee Melkiori alinipa sauti." Watu wakalia. Warundi wenzako wakapiga makofi. Mimi nimeketi benchi la pili na suti yangu ya kijivu, mimi mwenye neno, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo.

Watu walipoanza kutoka nikamzuia palepale mbele yako. Nikamwambia, Kiswahili na Kiingereza changu cha kuokoteza pamoja: "Lile neno Melkiori alilichukua kwangu. Ni langu. Usiliseme tena."

Akainamisha kichwa. "Sawa, Babu."

Ndiyo, nilifanya hivyo. Naandika jambo hili kwa mkono wangu, usije ukalisikia kwa mwingine.

Wiki ya pili yake wakacheza mbele ya wachaguzi. Kinyoya kikapanda, kikashuka katikati yao polepole, ungeweza kuwasha sigara. Meilini akafungua mdomo. Hapakutoka kitu. Hana akamtazama, naye akamtazama Hana, kikaanguka. Mara nne, Melkiori. Wachaguzi wakafunga madaftari, wakasema watarudi Jumamosi moja, ya mwisho.

Nikamfuata kwenye benchi. Nikamwuliza, mbona huiti hata kwa Kichina? Akaniambia kwa Kichina sauti haitoki, maana kila alipoita vibaya kocha alimsimamisha mbele ya wenzake na kumtukana. Kiingereza anaogopa kuchekwa. Akasema wewe uliyaona hayo, ukamwuliza taratibu, ukamwambia, "Kwa Kiswahili hakuna mtu aliyewahi kukukaripia. Chukua lile."

Akanitazama viatu.

Kwa hiyo mtu wa kwanza kumkaripia kwa Kiswahili ni mimi.

Mjinga wewe! Miaka kumi na moja tulipanda treni moja. Ulinieleza habari za goti lako, za unga wa muhogo, za jirani anayekata majani Jumapili. Hili hukunieleza. Mimi nilijua umeniibia kelele tu. Nilijuaje kwamba ulikuwa umemwona mtoto wa watu mpaka ndani? Ungesema neno moja tu nisingemwambia vile. Au ningemwambia. Sijui. Nakulaumu hata hivyo.

Jumamosi ikafika. Kabla ya mchezo nikamwambia, "Neno nimekurudishia." Akasema, "Sawa, Babu," ileile sawa ya kanisani. Nikajua haijaingia. Seti ya kwanza wakashindwa. Ya pili, kinyoya kikapanda tena katikati, naye kimya. Nikaiachia mopu, nikapiga kelele, "Yako, Meilini! Yako! Sema!"

Mwamuzi akasimamisha mchezo. Shefu akanishika kiwiko, akanitoa mpaka kwenye mapipa ya taka, akafunga mlango. Mimi! Nje kama paka!

Nikaweka sikio kwenye bati. Viatu vikalia sakafuni. Kimya. Viatu tena. Halafu, "Yangu!" Sauti ya kukwaruza, kama bawaba yenye kutu. Halafu nyingine, safi kidogo. Halafu Hana naye. Sikuona hata kinyoya kimoja, na jua lilinichoma utosi, lakini sikubanduka pale mpaka makofi yalipokwisha.

Wamechaguliwa. Mwezi ujao wanakwenda Melbourne.

Meilini alipotoka akaniambia watu wanamwuliza sana habari ya lile neno, sasa aseme jina la nani. Nikamwambia aseme lako. Usidhani nimekusamehe. Wewe umeshakufa, huna njia ya kupata sifa nyingine. Mimi bado ninatembea, zangu zitakuja.

Basi lala, Melkiori, na ulale upande wako, maana hata kwenye treni ulikuwa unanilalia begani mpaka mkono unakufa ganzi. Nakuahidi kitu kimoja. Wakirudi kutoka Melbourne nitakuja mpaka hapo ulipolazwa, nitasimama, nitakueleza walivyocheza, wameshinda au wameshindwa, na sitatia chumvi hata punje moja.

Ni mimi,
Wilondja