Upinde Nitakaomupa Bahati Jumamosi

Goma, Jumatano. Mulima unavuta sigara yake tangu asubuhi, na mvua ilianguka kidogo halafu ikajuta. Mimi pia niko vile leo. Naanza kukasirika, nasahau ni juu ya nini.

Kwa wasionijua: mimi ni muzee wa hapa. Shuleni nilifika mpaka pale hesabu inapoanza kutumia herufi, nikaona wananichezea, nikarudi kwa ng'ombe. Ukurasa huu binti yangu aliye Kampala alinifungulia ili niache kumutumia message ndefu. Sasa nawatumia ninyi. Muvumilie.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi mutoto wangu Bahati anaoa. Katika ukoo wetu, uliotoka milima ya Masisi, siku hiyo baba anasimama mulangoni na kumupa kijana upinde na mishale. Kijana anavuta, anapitisha mushale mumoja juu ya paa la wazazi, na hapo mbele ya watu wote anakuwa mutu mwenye nyumba yake. Aliyemupa upinde ndiye anayeitwa baba siku hiyo. Si yule aliyelipa shule, si yule aliyembeba mugongoni kwenda hopitali na malaria. Yule wa upinde. Sheria hiyo sikuiandika mimi, ningeiandika vizuri zaidi.

Na mimi sikuwa na upinde.

Ule wa baba yangu ulikufa katika volkano ile iliyokata mji kwa nusu. Nilikuwa Bunagana kutafuta maharagi. Niliporudi nyumba ilikuwa jiwe, jiwe linatoa moshi, na muke wangu amekaa kando ya barabara na sufuria mapajani. Tulihitaji bati, nani alifikiria upinde? Halafu rebellion ikaja, ikaenda, ikaja nyingine na jina jipya na viatu vipya. Katikati ya hayo yote, umuambie mutu unatafuta upinde! Atakuuliza umekunywa nini.

Sasa Rwabika. Huyu ni kaka wa muke wangu, muramu wangu, mutu wa Kalengera. Vita ilimufukuza kwake, akakaa Kanyaruchinya chini ya bashi, turubai la wakimbizi, na kambi ilipovunjwa akaja kwangu. Analala mu hangar yangu, kile kibanda cha uani, anakula sahani yangu, na anasema maharagi yetu yana chumvi nyingi. Siku ya kukimbia Kalengera aliacha mbuzi, aliacha vitanda, akabeba upinde wake. Upinde muzuri, siwezi kukataa. Anaupaka samli kama mutoto muchanga, anautoa kamba kila jioni, anauning'iniza mbali na moshi wa jikoni. Na tangu tulipopatana na wazazi wa binti anayeolewa, anasema mbele ya wageni, kwa sauti ya mutu anayefariji wafiwa:

"Muramu, usijisumbue. Wangu upo. Nitamupa Bahati wangu."

Ananionea huruma! Nilimuelewa vizuri sana. Jumamosi wakweze Bahati watauliza baba ni yupi, na wataoneshwa yule wa hangar.

Basi nimekuwa fundi wa mishale, katika umri ambao wenzangu wanajifunza kutembea na fimbo.

Mti wa upinde uliniletea mama anayeuza makala, yale makaa ya kupikia. Aliuficha kati ya magunia, toka Masisi mpaka hapa, na kila baryeri ya askari aliapa ni kuni. Mishale nimekata matete kando ya ziwa. Ncha ni misumari ya bati niliyoipigapiga mpaka ikakubali. Kulainisha matete natumia jiwe la volkano: nimelichonga mufereji, napitisha tete ndani, naenda narudi, linatoka laini kama kichwa cha padri. Mulima ulikula upinde wetu. Angalau unisugulie mishale.

Upinde wenyewe ulinitesa. Nilipoumaliza niliufunga kamba, nikauangalia kwa furaha, nikauacha vile vile mpaka asubuhi. Nikaukuta umelegea kama mutu aliyelala kwenye kiti. Ndipo nikaelewa kwa nini Rwabika anatoa kamba yake kila jioni. Sikumuuliza. Nilimuchungulia toka dirisha la jikoni kama mwizi wa kuku, nikaiga. Samli pia niliiga, muke wangu akasema samli inakwisha haraka mu nyumba hii tangu wazee wamepata watoto wa mbao.

Lakini manyoya. Manyoya yamenishinda akili.

Kwenye telefone kuna muzungu mwenye tumbo anayebandika manyoya matatu kwa kole, gundi ya kwao, anaongea lugha ya kwao na kucheka peke yake. Shemasi wa kanisa letu anasema babu zake waliweka mawili na walifunga kwa uzi. Mimi nilichukua mufuko mzima wa manyoya kwa mama wa malewa, anayenyonyoa kuku kila siku kwa ajili ya wateja wake, nikachagua yaliyo mazuri: jeupe, jekundu, jeusi. Nikajiona nimetengeneza jogoo.

Jogoo hakuruka. Mushale wa kwanza ulitoka unatikisa matako, ukaenda zake chooni. Wa pili ulirudi nusu ya njia, sijui ulisahau nini. Nikabadilisha kole. Nikabadilisha uzi. Nikaweka matatu, nikaweka mawili, siku moja kwa hasira nikaweka manne. Nilimeza aibu nikamuuliza Rwabika. Akaangalia mushale wangu muda murefu, akaurudisha.

"Manyoya ni manyoya, muramu."

Leo asubuhi nilisimama karibu na jikoni, nikalenga mugomba ulio upande wa hangar. Rwabika alikuwa anamenya viazi na kucheka na kisu mukononi. Muke wangu alisema, "Mutaua mutu ninyi." Nikavuta. Mushale ukapanda, ukafikiri, ukageuka, ukapita juu ya ukuta na kuingia kwa jirani. Tukasikia bashi linapasuka, halafu sauti ya mama jirani:

"Wametupiga! Wametupiga tena!"

Na wale wapya wanaotuongoza walikuwa wanapita barabarani wakati ule ule. Jina lao nalijua, lakini telefone yangu pia inalijua, basi tuliache.

Waliingia vijana wawili na mukubwa wao. Mukubwa alikuwa ameshika jogoo wangu.

"Nani amerusha hii?"

"Mimi, mukubwa."

"Ulikuwa unapiga nani?"

"Mugomba."

Akaangalia mugomba. Akaangalia ukuta wa jirani. Ni pande mbili tofauti kabisa.

"Muzee, mugomba uko huku."

"Ndiyo, mukubwa. Hiyo ndiyo shida yangu."

Kijana mumoja alicheka akajifanya anakohoa. Mukubwa alichukua upinde wangu, akauvuta kidogo, akaangalia misumari, akautupa chini. "Hizi ni kuni." Nilikuwa naanza kupumua alipoona ule wa Rwabika ukutani, unang'aa na samli yake, na kando yake mishale yenye ncha za muhunzi.

"Na hii?"

"Ni ya harusi," alisema Rwabika. Alikuwa amesimama na kiazi mukononi.

"Harusi ya kuua nani?"

Alisema silaha haziruhusiwi ndani ya parsele, kiwanja wanapokaa watu. Akautoa ukutani, akampa kijana aubebe. Rwabika alikaa, akarudi kumenya kiazi kile kile.

Nataka sana kuandika hapa kwamba nilisema: mukubwa, chukua wangu, muachie yeye wake. Ingependeza, na binti yangu angelia kule Kampala.

Nilisema "asante, mukubwa."

Asante! Mutu anabeba upinde wa muramu wangu toka nyumba yangu, mimi namushukuru na kumufungulia mulango.

Walipokwenda nilisikia furaha ndani yangu, kweli kabisa, kama mutoto aliyeona mwenzake anachapwa. Upinde umebaki mumoja mu parsele na ni wangu. Halafu nikamuona Rwabika anaangalia musumari mutupu ukutani. Muke wangu alitoka jikoni, akatuangalia wote wawili.

"Basi umeshinda," aliniambia. "Furahi tuone."

Sikuweza. Nilijaribu.

Mchana Rwabika hakula. Chumvi hakuitaja. Nilikaa kwenye mukeka na mishale yangu, sijui naiangalia ya nini, na yeye akaja, akakaa, akamwaga mufuko wa manyoya katikati yetu bila kuomba. Akaanza kutenganisha. Moja huku, moja kule.

"Haya ni ya bawa la kushoto," alisema. "Haya ya kuume. Umechanganya. Moja linavuta mushale huku, lingine linavuta kule. Sasa mushale utamufuata nani?"

Nilichukua mawili nikayaweka mbele ya macho. Kweli, yanapinda kila moja na upande wake. Miaka yangu yote nimekula kuku.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ulinionesha."

"Na ukaniambia manyoya ni manyoya."

"Wewe ungefanya nini, muramu?"

Nilifikiri. Ningenyamaza pia, na ningeimba.

Angesema siku ile, mushale wangu leo ungeingia kwenye mugomba, wale watu wangepita na njia yao, na upinde wake ungekuwa unaning'inia. Nilimuambia hivyo mara moja tu. Na mara nyingine wakati wa chai. Akasema na mimi ningemuomba vizuri angesema. Sasa nani alimunyang'anya Rwabika upinde wake? Mimi na jogoo wangu? Yeye na mudomo wake uliofungwa? Wale na sheria yao? Nimekaa na hesabu hii tangu mchana, na hata herufi haina.

Tulitengeneza mushale mumoja, manyoya matatu ya bawa la kushoto tupu. Alifunga uzi, mimi nikashika. Nilisimama nikalenga mugomba, nikaachia mushale. Ukaingia katikati, pap, mpaka maji ya mugomba yakatoka. Tulipiga kelele kama wapumbavu, tukashikana mabega. Muke wangu akaja na mwiko.

"Munataka warudi?"

Tukakaa kimya kama watoto wa katekisimu.

Lakini tazama jinsi nilivyochanganyikiwa. Mti ni wangu, manyoya ni ya kwake. Ananisaidia juu ya Bahati, au anajitafutia nafasi ya Jumamosi? Nilimuuliza. Alisema alichoka tu kuona kitu kibaya kinaruka. Simuamini. Halafu namuamini. Halafu anaingia mu hangar na simuamini tena.

Bahati mwenyewe amerudi jioni hii, tukamusimulia yote. Alisema upande wa nyuma wa nyumba kuna lava tupu, hakuna jirani, atapiga kuelekea kule asubuhi mapema kabla patruyi ya wale askari haijapita. Halafu akauliza upinde atapewa na nani. Mimi na Rwabika tukaangalia chai.

Nimeamua hivi, na naandika haraka nisije nikabadilisha nikiamka. Jumamosi upinde nitaushika mimi. Mishale ataishika Rwabika. Tutasimama mulangoni pamoja, naye akinisukuma nitamusukuma. Wakweze Bahati wakiuliza baba ni yupi, wachague wenyewe, wana macho.

Ila mu nyumba hii kuna koti moja tu, na nitalivaa mimi.