Mikono Yako Iliposimama

Mama yangu,

Kamwene, kama tunavyosalimiana kwetu. Nakuandikia gazetini, mbele za watu, kwa sababu kosa nililokukosea lilitoka kwenye safu hii hii, na wewe ulisomewa mbele za watu.

Nimechoka, mama. Wiki hii mhariri amenipa vipindi vinne vya TV nivichambue, vitatu vipya na kimoja kinachorejea. Cha kwanza ni shindano la waimbaji, majaji wanalia kuliko washiriki. Cha pili ni vichekesho, na nadhani anayecheka ni fundi mitambo peke yake. Cha tatu ni mapenzi ya matajiri. Nyumba ina ngazi ndefu na kila mtu anaiteremka polepole akiwa amenuna. Vyote vitatu nimeviandikia "si mbaya". Siku hizi naandika hivyo mara nyingi, kwa sababu sijui tena niseme nini.

Zamani nilijua, kwa sababu nilikuwa na wewe. Hapa Mbeya walinisifu kwamba nina jicho kali. Hawakujua kwamba kila mwisho wa juma nilipanda basi kuja Mafinga, na Jumapili tukishatoka kanisani na kula, uliweka kikapu cha mahindi miguuni na debe pembeni, ukawasha TV tutazame marudio ya mchana huku unapukuchua. Mimi nilishika kalamu, nikaangalia mikono yako. Kipindi kikiwa cha hovyo, punje zilimiminika kwenye debe bila kukatika. Kikiwa na nafuu, mikono ilipunguza mwendo. Na kikiwa kizuri kweli kweli, hindi lilibaki mkononi, dole gumba limesimama juu ya punje, umesahau kabisa. Maneno yako yalikuwa machache. "Huyu baba anadanganya," ulisema siku moja. "Mwenye njaa haongei hivyo." Nikayaandika kama yangu.

Halafu ikaja ile tamthilia ya mjane na mashine ya kusaga. Mumewe amefariki, shemeji zake wanataka kumnyang'anya mashine, naye amekaa mlangoni mwa kibanda, hatoki. Nilikuwa mdogo baba zangu wadogo walipokuja na gari kuchukua misumeno na randa za baba, matanga hayajaisha. Wewe ulipanda ukakaa juu ya benchi lake la useremala ukawaambia, "Hili mtalibeba na mimi." Wakaliacha. Kwa hiyo nilielewa kwa nini, tamthilia ile ilipokuwa ikionyeshwa, mahindi yale yale yalibaki kikapuni majuma matatu.

Nilielewa, na bado niliiponda. Wachambuzi wenzangu wa mjini walikuwa wameshaiita ya kishamba, nami nikaogopa kuonekana mshamba. Niliandika kwamba ni tamthilia ya watu wasio na kazi mikononi. Sentensi ile niliipenda sana, hata mhariri aliicheka.

Nilichosahau ni mnada. Kila Jumapili baada ya ibada, wakati mayai, kuku na mihogo ya sadaka vikinadiwa pale nje, Mama Tuli wa kwaya alikusomea safu yangu kwa sauti, maana herufi ndogo zilishakushinda, na majirani walisogea kusikiliza mtoto wako kaandika nini. Siku ile nilikuwepo. Nilikuwa nimekushikia boga ulilonunua. Mama Tuli alipofika kwenye ile sentensi alipunguza sauti, akaimaliza hivyo hivyo, watu wakapiga makofi kama kawaida. Na wewe ukapiga.

Tukarudi nyumbani, tukafika getini.

"Kumbe mikono yangu haina kazi," ulisema.

Hukuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Mchana ule TV haikuwashwa. Ulikaa barazani ukapukuchua, na debe lilijaa mapema. Tangu hapo nikija uliniambia ile ya mjane imeshaisha, na dada Neema ndiye aliyeninong'oneza kwamba nikiondoka unaitazama. Nilijiambia nitakuomba radhi wiki ijayo. Wiki ijayo nikajiambia hivyo tena. Ulikufa mahindi ya mwaka ule hayajakomaa, na radhi yako sikuwahi kuiomba.

Sasa mjane wako amerudi, msimu mpya. Nikuambie ukweli, nilimsifu kabla sijamtazama. Nilishaandika "hakuna kama hii", nikidhani hiyo ndiyo radhi yenyewe. Lakini kalamu iliona haya, nikapanda basi. Jumapili iliyopita nilikaa pale sebuleni, juu ya benchi la baba, kikapu miguuni, nikapukuchua huku natazama. Nilitamani sana mikono isimame.

Mama, wamemharibu. Yuko kwenye nyumba ya ghorofa, ana dereva, shemeji zake wamegeuzwa wachekeshaji, na wote wanajiandaa kwa harusi. Nilingoja mtu hata mmoja aulize mashine iko wapi. Hakuna aliyeuliza. Dada Neema alipita kwenda jikoni, akachungulia debe.

"Leo umefanya kazi," akasema.

Nikachana ile karatasi ya sifa. Nilikudanganya mara moja kwa kuponda, sitakudanganya mara ya pili kwa kusifu. Kwa hiyo hukumu yangu ya wiki hii ni hii: msimu mpya ni wa hovyo. Na ule wa kwanza ulikuwa mzuri, nami nilijua, nikaandika uongo. Mwanamke mwenye kazi kuliko wote niliowahi kuwajua aliiacha kazi yake ili autazame.

Nimemwomba Mama Tuli asome haya Jumapili, pale pale kwenye mnada, na asipunguze sauti.

Debe limejaa, mama, na dole gumba linaniuma. Nisamehe. Mikono yako ipumzike.

Kitindamimba wako